Mlango wa mbele uko nchi gani? Jibu kwa mama anayetaka kuhamia Baarle

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja miaka saba, mwingine mitatu. Nimezaliwa Uvira, na sasa ni miaka sita tunaishi Antwerp. Mume wangu amepata uraia wa Ubelgiji, mimi nina kadi ya ukaazi ya F. Yeye anafanya kazi kwenye bohari huko Tilburg, Uholanzi, na safari ya kila siku imemchosha. Rafiki yetu ametuonyesha nyumba ya kupanga katika kijiji kinachoitwa Baarle. Anasema kijiji hicho ni cha nchi mbili, mpaka unapita ndani ya nyumba, na nchi yako inategemea mlango wa mbele. Nyumba tuliyoonyeshwa ina milango miwili, mmoja kila upande, na mwenye nyumba anasema tuchague wenyewe. Rafiki anatushauri mume ajiandikishe Uholanzi kwa sababu ya kazi, mimi nibaki Ubelgiji kwa sababu ya kadi, tufaidi huku na huku. Wengine wanatuambia kijiji hicho hakina sheria, ni cha magendo tu. Tukihamia tutakuwa chini ya nani? Kadi yangu itakuwa salama? Watoto watasoma wapi? Na kijiji chenyewe kikoje kwa watu kama sisi?"*

Dada, kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini. Wengi huuliza baada ya barua ya serikali kufika, na hapo kazi huwa ngumu zaidi.

Nikikusoma vizuri, kinachokunyima usingizi ni kadi kuliko kijiji. Kwa hiyo nikupe jibu fupi kabla ya maelezo. Hamtakuwa chini ya nchi mbili. Mtakuwa chini ya nchi moja, ile ambayo mlango wa mbele wa nyumba umesimama kwenye ardhi yake, na familia nzima itaandikishwa huko. Kwa hali ya kadi yako, upande wa Ubelgiji hauna misukosuko. Upande wa Uholanzi unawezekana, ila huko ni kuhama nchi kamili, hata kama mpaka wenyewe uko kati ya jiko na sebule. Na ushauri wa kugawana karatasi, yeye kule wewe huku, uutupe leo hii.

Sasa tuuelewe mji wenyewe, maana maneno mengi ya uongo kuhusu Baarle hutoka kwa watu wasiojua ulivyozaliwa.

Kwa macho, Baarle ni kijiji kimoja. Kwa karatasi ni halmashauri mbili. Baarle-Hertog ni ya Ubelgiji, mkoa wa Antwerp, yenye watu kama 3,000 katika kilomita za mraba zipatazo 7.5. Baarle-Nassau ni ya Uholanzi, mkoa wa Noord-Brabant, yenye watu karibu 7,000 na eneo takriban mara kumi ya mwenzake. Ni zile mnazoziita komini kule Kivu: kila moja ina burgomasta wake, baraza lake na bajeti yake. Ugeni wake ni kwamba ardhi ya Baarle-Hertog haikukaa mahali pamoja. Upande wa Zondereigen umeshikamana na Ubelgiji kama kawaida, lakini vipande vingine 22 vimetawanyika ndani ya Uholanzi. Ndani ya vipande hivyo vya Ubelgiji kuna tena vipande saba vya Uholanzi, na cha nane kiko ndani ya Zondereigen. Vidogo kabisa havifiki ekari moja.

Chanzo chake ni cha zamani sana. Mwaka 1198 Hendrik wa Kwanza, mtawala wa Brabant, alimkabidhi Godfried wa Schoten, bwana wa Breda, ardhi ya eneo hili, lakini akabakiza mikononi mwake viwanja vilivyokuwa tayari na wakulima wanaomlipa. Pori likaenda Breda, mashamba yenye kodi yakabaki kwa mtawala. Baadaye ubwana wa Breda ukaangukia ukoo wa Nassau, na ndiyo maana pande mbili za kijiji zina majina tofauti hadi leo. Ukiwahi kuona mashamba ya ukoo yaliyogawiwa urithi vizazi vitatu mfululizo, ukakuta migomba ya shangazi katikati ya mihogo ya amu, basi umeshaielewa ramani ya Baarle.

Kwa karne kadhaa mgawanyo huo haukumsumbua mtu, kwa kuwa ulikuwa suala la nani anamlipa nani. Ukageuka kuwa mpaka wa nchi kidogo kidogo. Amani ya Münster ya 1648, kati ya Waholanzi na Hispania, iliiweka Breda upande wa Waholanzi, na viwanja vya mtawala vikabaki na mji wa Turnhout chini ya Hispania. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, wapima mipaka walikuja na vyombo vyao, wakafika Baarle wakakwama. Mkataba wa Maastricht wa 1843 haukuchora mstari hapa. Uliorodhesha viwanja kimoja kimoja, 5,732 kwa jumla, kila kimoja na nchi yake. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Viwanja viwili vya Zondereigen vilifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambayo mwaka 1959 iliamua ni vya Ubelgiji kwa kura 10 dhidi ya 4. Mpaka wote wa Baarle ulikuja kukamilishwa rasmi mwaka 1995.

Wasomaji wetu wa Oman hawatashangaa sana. Madha ni ardhi ya Oman iliyozungukwa na Falme za Kiarabu, na ndani ya Madha kuna Nahwa, ambayo ni ya Sharjah. Tofauti ni kwamba huko ni milima na vijiji vilivyoachana, wakati Baarle mpaka unakata katikati ya barabara ya maduka, baa, na vitanda vya watu.

Haya, mlango. Kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwepo kabla mstari haujapimwa, mstari ulipopita ndani yake ilibidi ipatikane njia ya kumjua mwenye nyumba ni wa nchi gani. Ikakubalika kawaida hii: nyumba ni ya nchi ile ulipo mlango wake wa mbele. Angalia neno hilo "ulipo". Wengi husema "ulipoelekea", na hapo ndipo wanapokosea. Mlango unaweza kutazama Uholanzi huku kizingiti chake kiko Ubelgiji. Kinachohesabiwa ni ardhi iliyo chini ya kizingiti. Kuna nyumba moja mtaa wa Loveren ambayo mstari unapita katikati ya mlango wenyewe, na hiyo ikapewa namba mbili, moja ya kila nchi. Watalii hupiga picha pale kutwa nzima.

Kawaida hiyo inaamua jambo moja: anwani. Anwani ndiyo inayoamua halmashauri gani itakuandikisha, na kuandikishwa huko ndiko kunakovuta mambo mengine: kibali cha ukaazi, kura ya serikali za mitaa, namba ya gari, sheria ya upangaji. Mlango haukupi haki usiyokuwa nayo. Wala haumpi mwenye nyumba uwezo wa kukuuzia nchi. Nyumba ikiwa na milango miwili, mmoja umeshatambuliwa na halmashauri kuwa ndio wa mbele, na mwingine ni wa nyuma hata kama ni mzuri kuliko wa kwanza. Kuubadilisha ni kazi ya ujenzi inayohitaji kibali, na kwa nyumba iliyokatwa na mpaka hiyo ni mazungumzo ya ofisi mbili. Hadithi za watu waliohamisha mlango wakabadili nchi zipo na wenyeji wanapenda kuzisimulia, lakini walikuwa wenye nyumba, waliopitia taratibu zote. Mpangaji hana nafasi hiyo.

Namna ya kujua ni rahisi. Nenda kaangalie kibao cha namba ya nyumba, mara nyingi kina rangi za bendera: nyeusi, njano na nyekundu kwa Ubelgiji, nyekundu, nyeupe na buluu kwa Uholanzi. Chini, kwenye lami na vijia, utaona misalaba myeupe yenye B upande mmoja na NL upande wa pili. Kisha angalia namba ya posta kwenye tangazo la nyumba. 2387 ni Baarle-Hertog. 5111 ni Baarle-Nassau. Ukiulizwa "tuchague", jibu liko kwenye tarakimu hizo nne, na bado nitakuambia uende halmashauri ukathibitishe.

Turudi kwenye kadi, na hapa naomba unisikilize taratibu. Kadi ya F ni haki inayotokana na mumeo. Uliipata kwa sababu wewe ni mke wa Mbelgiji na mnaishi pamoja Ubelgiji. Katika miaka mitano ya mwanzo, ofisi ya uhamiaji ya Ubelgiji ina mamlaka ya kuchunguza kama bado mnakaa pamoja, na ikiona hamko pamoja inaweza kuiondoa. Sasa fikiria mumeo ameandikishwa Baarle-Nassau, wewe Baarle-Hertog. Mnalala kitanda kimoja, lakini kompyuta ya serikali inasema mume amehama nchi na mke amebaki peke yake. Nani atakwenda Brussels kumweleza ofisa habari za mlango? Juu ya hayo, ukihamia anwani mpya Ubelgiji, polisi wa mtaa, wanayemwita wijkagent, huja kugonga kuhakikisha kwamba kweli mnaishi pale. Hapigi simu kwanza. Akikuta jina la mumeo halipo, anaandika alichokikuta.

Kitu kingine ambacho rafiki yenu hajakitaja: kibali cha ukaazi cha Ubelgiji kinakuruhusu kutembea Uholanzi siku 90 ndani ya kila siku 180. Hakikuruhusu kuishi. Kwenda kununua mkate ng'ambo ya barabara hakuna anayekuhesabia. Lakini kitanda chako kikiwa kwenye nyumba yenye anwani ya Uholanzi, hayo si matembezi tena, na kutokuwepo kwa kizuizi barabarani hakubadilishi neno hata moja la sheria. Tena, Desemba 2024 Uholanzi ilirudisha ukaguzi wa mipakani wa mara kwa mara, kwa hiyo kadi na pasipoti viwe mkobani.

Kama nyumba iko upande wa Ubelgiji, basi kwa serikali mmehama mtaa tu. Mnakwenda halmashauri ya Baarle-Hertog ndani ya siku nane za kazi, mnatoa taarifa, wijkagent anakuja, anwani inabadilishwa, kadi inabaki ilivyo. Mambo ya kazi ya mumeo yanabaki yalivyo pia, na hili watu hulisahau: yeye tayari ni mvuka mpaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mfanyakazi achangie hifadhi ya jamii ya nchi moja, ile anayofanyia kazi. Kama ameajiriwa moja kwa moja Tilburg, bima yake ya afya ni ya Uholanzi, naye hupewa fomu iitwayo S1 ya kupeleka kwenye mutualiteit, yaani mfuko wa bima ya afya wa Ubelgiji, ili nyote mtibiwe mnakoishi. Kodi ya mshahara wake hukatwa Uholanzi, na bado inabidi autaje kwenye fomu ya kodi ya Ubelgiji. Posho ya watoto nayo hufuata hesabu ya nani anafanya kazi wapi. Kama miaka yote hii hamjawahi kuisikia hiyo S1, basi nyumba isubiri, shughulikieni hilo kwanza. Hesabu huwa tofauti kama analipwa na wakala wa Ubelgiji anayemtuma Tilburg. Angalieni juu ya karatasi ya mshahara ni kampuni ya nchi gani.

Wewe mwenyewe ukitaka kazi, usidhani kadi ya F peke yake inakufungulia duka la upande wa Uholanzi, hata likiwa hatua kumi kutoka kwako. Uliza kabla ya kuanza. Upande wa Ubelgiji huna tatizo.

Kama nyumba iko upande wa Uholanzi, mlango haujafungwa. Mumeo ni raia wa Umoja wa Ulaya anayefanya kazi Uholanzi, na raia wa namna hiyo akihamia ana haki ya kuishi na mke na watoto wake. Yeye anajiandikisha Baarle-Nassau ndani ya siku tano baada ya kufika. Wewe unaomba idara ya uhamiaji ya huko, IND, ikuhakiki kwa mujibu wa sheria ya Ulaya kama mke wa raia wa Umoja, na uamuzi unaweza kuchukua hadi miezi sita. Si jambo la kutisha, familia nyingi zimelipitia. Lakini hesabu gharama zake. Kila mtu mzima analipia bima yake ya afya kila mwezi, na juu yake kuna kiasi cha kwanza cha matibabu unachojilipia mwenyewe kila mwaka, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa euro 385, watoto hawalipi. Na kubwa zaidi, unaondoka kwenye daftari la Ubelgiji.

Hilo la mwisho lina uzito kwako kwa sababu ya miaka uliyokwisha kukaa. Umeandika miaka sita. Sijui mingapi kati yake umekuwa na kadi ya F, lakini kama imefika mitano ya ukaazi halali bila kukatika, unaweza kuwa na haki ya ukaazi wa kudumu, ile kadi ya F+, na pengine hata kuomba uraia kwa tamko ikiwa ndoa, kukaa pamoja, lugha na ushahidi wa kuzoea jamii vimetimia. Maombi hayo yanafanywa na mtu anayeishi Ubelgiji. Ningekuwa mimi, ningekwenda kwanza kwenye dirisha la halmashauri ya Antwerp kuuliza nimebakiza nini, kabla hata sijaanza kufunga masanduku. Kuhama miezi michache kabla ya kutimiza, kwa sababu ya nyumba ya kupanga, kungeniuma sana.

Kuhusu magendo, wanaosema hawajazua. Wamechelewa tu. Baada ya Vita vya Pili siagi ya Uholanzi ilikuwa nafuu kuliko ya Ubelgiji, na Baarle ilijaa watu waliovusha siagi usiku. Ilikuwepo hata benki iliyojengwa juu ya mstari wenyewe, na karatasi zake zilihama chumba kulingana na mkaguzi gani amefika. Enzi hizo zimepita. Soko la pamoja na kufutwa kwa ushuru kuliua faida ya magendo. Kilichobaki ni biashara halali ya tofauti za sheria. Waholanzi huja Baarle-Hertog kununua fataki, na kwa miaka mingi walikuja Jumapili kwa sababu maduka yao yalifungwa. Kijana wa miaka 16 anauziwa bia Ubelgiji. Akivuka mstari anasubiri hadi 18.

Eti hakuna sheria? Sheria ziko mbili. Mwaka 2020 wakati wa korona, Ubelgiji ilifunga maduka ya nguo na Uholanzi haikufunga. Duka la Zeeman, ambalo mstari unapita ndani yake, likazungushiwa utepe: nusu ya Uholanzi ikauza, nusu ya Ubelgiji ikakaa gizani. Ndivyo Baarle ilivyo. Na mstari huo umewahi pia kuokoa. Katika Vita vya Kwanza Wajerumani walikalia karibu Ubelgiji yote, wakaweka hata uzio wa umeme kwenye mpaka wa Uholanzi, lakini vipande vya Baarle-Hertog hawakuweza kuvifikia bila kukanyaga nchi isiyo vitani. Jeshi la Ubelgiji likaweka pale mtambo wa redio, katikati ya Uholanzi, na kuendelea kuwasikiliza adui.

Maisha ya kila siku ni ya kawaida kuliko hadithi. Kuna vituo viwili vya halmashauri, makanisa mawili ya Katoliki, shule za mfumo huu na za mfumo ule. Polisi wa nchi mbili wanatumia ofisi moja. Kituo cha utamaduni na maktaba ni vya pamoja, na mabaraza mawili yana chombo cha pamoja cha kujadili barabara, mifereji na mengineyo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Baarle-Hertog ni raia wa Uholanzi, kwa hiyo kuwa mgeni kwenye karatasi pale si ajabu. Kuwa mweusi kijijini ni jambo lingine, na sitakudanganya. Antwerp umezoea kukutana na watu wa kwenu sokoni, kanisani, kwenye saluni. Baarle utatazamwa, mara nyingi kwa udadisi tu, na baada ya muda kila mtu atakujua kwa jina. Wapo wanaopenda hivyo. Wapo waliorudi mjini kwa upweke.

Kifaransa chako hakitakusaidia dirishani. Wengi wa kutoka Kongo hudhani Ubelgiji yoyote inaongea Kifaransa. Baarle-Hertog iko Flandria, na lugha ya ofisi ni Kiholanzi pande zote mbili. Kama Antwerp ulisoma Kiholanzi, kijiji kitakuongezea haraka, kwa sababu hutakuwa na pa kukimbilia.

Watoto. Mkubwa wa miaka saba tayari yuko ndani ya mfumo wa Ubelgiji: chekechea kuanzia miaka miwili na nusu, kisha darasa la kwanza kwenye miaka sita. Waholanzi huanza shule ya msingi miaka minne na kuhesabu madaraja manane. Kuvuka mstari kwenda shule ya nchi nyingine kunawezekana na wenyeji wanafanya, lakini kumbadilishia mfumo katikati ya kujifunza kusoma ni jambo la kuzungumza na mwalimu wake wa sasa. Wa miaka mitatu hatasumbuka popote. Baadaye, kwa sekondari, wengi huenda miji ya jirani kwa basi au baiskeli.

Miji hiyo ni Turnhout, kilomita 13 au 14 kusini, Tilburg karibu 20, na Breda mbele kidogo. Hospitali ziko huko. Baarle ina madaktari wa kawaida tu. Treni haipo. Reli ya Turnhout hadi Tilburg ilifunguliwa 1867, ikaacha kubeba abiria 1934, na leo ni njia ya baiskeli wanayoiita Bels Lijntje. Mabasi yapo, ila ukikosa la jioni utasubiri. Mumeo anayeendesha zaidi ya kilomita 65 kila asubuhi atapata nafuu ya kweli, hilo halina ubishi. Swali ni wewe. Kama huna leseni ya gari, nafuu yake inaweza kugeuka kifungo chako. Ndiyo maana nitaongeza chaguo ambalo hukuniuliza: Turnhout. Ni Ubelgiji bila utata wowote, kuna hospitali, treni ya Antwerp na maduka, na safari ya Tilburg inapungua karibu nusu. Haina misalaba ya kupiga picha, lakini kwa familia yenye kadi ya F na mtoto mdogo, mimi ningeiangalia kabla ya Baarle.

Mkiamua Baarle bado, chagueni nchi kwanza, nyumba baadaye. Sheria ya upangaji nayo hufuata anwani: Flandria mkataba wa kawaida ni wa miaka tisa au mfupi usiozidi mitatu, amana isizidi kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba lazima ausajili; Uholanzi, tangu Julai 2024, mkataba usio na kikomo ndio wa kawaida, na amana haizidi miezi miwili.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyamaliza, na hapo muende wenyewe na karatasi mkononi. Historia ya kadi yako, tarehe kwa tarehe, ionwe na mwanasheria wa uhamiaji. Kama kipato hakitoshi, Ubelgiji ina msaada wa kisheria wa bure au wa bei ndogo, ulizia Antwerp. Kodi, bima na posho vipelekwe kwenye ofisi za ushauri kwa wavuka mpaka, GrensInfoPunt au Bureau voor Belgische Zaken mjini Breda. Hao ndio kazi yao, na hawatozi. Ukiwa umepokea barua yoyote ya uhamiaji inayotaja kuondolewa kwa kibali, usisubiri miadi ya wiki ijayo, kwa kuwa muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa tangu ulipoarifiwa.

Mwisho ni nyumba yenyewe. Chukua anwani kamili uende nayo madirisha yote mawili, Baarle-Hertog na Baarle-Nassau, uulize kila mmoja: nyumba hii ni yenu? Wanaulizwa swali hilo kila siku, hawatakucheka. Jibu ulipate kwa maandishi. Kisha mwambie mwenye nyumba aandike kwenye mkataba kwamba halmashauri iliyotajwa ikikataa kuwaandikisha nyote wanne kwenye anwani hiyo, mkataba unavunjika na amana inarudi yote. Akikataa kuandika sentensi hiyo, mwachieni nyumba yake.